Boriti: maana yake, asili yake na jamaa zake

Maswali kuhusu boriti huletwa na watu wa namna tatu. Wa kwanza wamekutana na neno hili katika Biblia au kamusi. Wa pili wamelala usiku mmoja Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar, wakaamka wakitazama dari. Wa tatu wamerithi nyumba ya mawe na wanataka kujua kilichomo juu ya vichwa vyao kabla hakijawaangukia. Maswali ya msingi yametangulia na yale ya pembeni yamewekwa mwisho.

## Mambo ya msingi

Boriti ni nini?

Ni mti wa mviringo unaolazwa kutoka ukuta hadi ukuta ili ubebe dari, sakafu ya ghorofani au paa la bapa. La kwanza la kushika ni kwamba boriti imelala. Kilichosimama ni nguzo, na kinachofuata mteremko wa paa la makuti kina jina lake jingine (tazama "Nyumba ya makuti nayo ina boriti?").

Hiyo ni maana ya fundi. Ipo na maana ya mkata mikoko na mwuza miti, nayo ni ya kipimo: boriti ni mti wa mkoko uliofikia unene fulani, hata kama haujaiona nyumba. Ungali matopeni Lamu au Rufiji, umetoka tu kuangushwa, tayari ni boriti, kwa sababu kwa watu hawa jina hufuata unene na wala halingoji kazi. Ugomvi mwingi juu ya neno hili hutokea pale mmoja anaposema kwa ulimi wa fundi na mwenzake kwa ulimi wa soko.

Hukatwa kutoka mti gani?

Mikoko. Lakini mikoko ni jina la jumla la miti ya aina mbalimbali inayoota pale maji ya bahari yanapopanda na kushuka, na si kila mmoja hutoa boriti. Inayotegemewa ni mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyojiinamia kama miguu ya kaa, unaojulikana kwa wanasayansi kama Rhizophora mucronata. Muia, ambao kwingine huitwa msinzi. Na mkandaa, ambao kwa wembamba wake huishia zaidi kwenye fito na pau. Mchu hutawanya matawi mapema na shina lake hupinda, kwa hiyo kazi yake ni kuni na kuchomea chokaa. Mlilana hupendwa na maseremala wa vyombo kwa sababu hiyohiyo ya kupinda: mataruma, yaani mbavu za mashua, hayataki mti ulionyooka.

Sifa ya mkoko ni kwamba ukiota kwa msongamano hukimbilia jua, ukapanda juu bila kutupa matawi chini. Mbao yake imeshikamana na ni nzito mno. Mkoko mbichi huzama majini, ndiyo maana hausafirishwi kwa kuelea mtoni kama magogo ya miti mingine, na tangu zamani umehitaji mtumbwi, mashua au jahazi la kuutoa.

Kuna tofauti gani kati ya fito, pau, mazio, boriti na nguzo?

Tofauti ni ya unene. Katika biashara ya miti ya mikoko nchini Kenya, hasa Lamu, ngazi hupangwa hivi kwa kipenyo:

- fito: sentimita 2.5 hadi 3.5
- pau: sentimita 4 hadi 7.5
- mazio: sentimita 8 hadi 11
- boriti: sentimita 11.5 hadi 13.5
- nguzo: sentimita 14 hadi 20
- vigingi na banaa: minene kupita nguzo

Ukiitazama orodha hii utaona kitu cha ajabu kidogo. Ukilinganisha na unene wake, boriti ndiyo iliyopewa nafasi finyu kuliko zote: sentimita mbili tu kati ya mwanzo na mwisho. Pau ina nafasi karibu mara mbili ya hiyo na nguzo mara tatu. Fito ikizidi kidogo haina madhara, inafungwa ukutani na udongo unaifunika. Boriti hazina uhuru huo. Zinapangwa sambamba kwenye chumba kimoja na juu yake hulazwa mawe, hivyo moja ikiwa nene kuliko wenzake sakafu haikai sawa, na ikiwa nyembamba ndiyo itakayoanza kupinda.

Huhesabiwaje sokoni?

Kwa korja. Korja moja ni miti ishirini. Kipimo hiki hakikuzaliwa kwenye mikoko peke yake, maana kilitumika hata kwa vitambaa, na kimezunguka Bahari ya Hindi yote: Wahindi wana kori yao yenye maana ya ishirini, na Wareno walipofika bahari hii waliandika corja kwa idadi hiyohiyo. Ukisikia mzee wa Lamu anasema "korja tano za boriti", ni miti mia moja.

## Asili ya neno

Boriti ni neno la Kibantu?

Halina dalili za Kibantu. Fito ni wingi wa ufito, na unaweza kuuona mwendo wa ngeli ndani yake. Mwamba na mhimili vina kiambishi cha m-. Boriti haina kiambishi wala kitenzi kinacholizaa. Limekaa katika ngeli ya I-ZI pamoja na meza na karata: boriti hii, boriti hizi, boriti imepinda, boriti zimepinda. Huo ndio mlango ambao Kiswahili huingizia maneno ya mkopo yanayotaja vitu.

Mazingira yake pia ni ya bahari na biashara. Linaishi mdomoni pamoja na korja tuliyoitaja, na nahodha, ambalo ni la Kiajemi. Kufikia karne ya 19, Edward Steere, mmisionari aliyekusanya msamiati wa Kiswahili huko Unguja, aliliweka neno hili pamoja na maana yake: miti minene inayokatwa kwenye mikoko na kulazwa ili ibebe paa la mawe. Maana ya fundi na ya mkata miti zote mbili zimo katika maelezo hayo mafupi, na hakuna kilichobadilika sana tangu hapo.

Nimeambiwa linatokana na "board" ya Kiingereza. Kweli?

Hapana. "Board" ilizaa bodi, na bodi ni ubao wa bapa au kikao cha wakurugenzi. Boriti ilikuwa imeshazoeleka pwani kabla Kiingereza hakijawa na nguvu yoyote kwa mafundi wa huku, tena inataja mti wa mviringo usiopasuliwa. Kilichotoka Kiingereza ni bimu (tazama "Mafundi wa leo husema bimu").

Wingi wake ni boriti au maboriti?

Boriti, kama ilivyoelezwa juu. Maboriti husikika pale msemaji anapotaka kuonyesha ukubwa, kama mtu asemavyo manyumba. Katika maandishi ya kawaida baki na boriti.

Maneno mengine ya dari na paa yametoka wapi?

Hapa ndipo panapofurahisha, kwa sababu nyumba moja ya pwani imejengwa kwa lugha nyingi kama ilivyojengwa kwa vifaa vingi.

Sakafu ni la Kiarabu, kutoka saqf, na kwa Waarabu maana yake ni paa au dari. Sisi tunalikanyaga. Neno halikupotoka njiani. Ni suala la umesimama wapi. Tabaka la chokaa na mawe lililolazwa juu ya boriti ni dari kwa aliye chini na ni sakafu kwa aliye juu. Kwenye nyumba ya ghorofa za bapa kitu hicho ni kimoja, na Kiswahili kilichagua kukiita kwa jina la aliye juu. Baadaye jina likashuka hadi kwenye saruji ya chini kabisa, isiyo na boriti wala mtu wa kuitazama kutoka chini.

Mhimili limetokana na kuhimili, ambalo nalo asili yake ni Kiarabu, lenye maana ya kubeba au kustahimili mzigo.

Kenchi ni la Kihindi. Kainchi ni mkasi, na pia ni zile mbao za paa zinazoegemeana na kukutana juu. Mafundi wa Kihindi walikuja na kitu na jina lake. Kenchi na boriti hufanya kazi inayokaribiana kwa njia mbili tofauti: boriti hubeba kwa kulala na kukataa kupinda, kenchi hubeba kwa pembetatu, kila ubao ukisukuma au kuvuta mwenzake. Kwa hiyo paa la bati huweza kuvuka chumba kipana kwa mbao nyembamba, jambo ambalo boriti haiwezi.

Na mtambaapanya ni letu wenyewe bila kuazima. Ni mti unaolala kuvuka nyumba juu ya kuta, chini ya paa. Aliyeupa jina hakujishughulisha na mzigo unaobebwa. Alitazama juu usiku akaona nani anapita.

## Boriti ndani ya nyumba

Kwa nini vyumba vya nyumba za zamani za Lamu na Zanzibar ni vyembamba na virefu?

Kwa sababu ya boriti. Upana wa chumba uliamuliwa na kiasi ambacho mti wa mkoko unaweza kuvuka ukiwa umebeba sakafu ya mawe, nacho ni kati ya mita 2.5 na 3. Urefu wa chumba haukuwa na kikomo hicho, maana ukitaka chumba kirefu zaidi unaongeza tu boriti pembeni ya boriti. Ndiyo maana nyumba za Lamu za karne ya 18 zina vyumba vinavyofuatana kama tabaka kutoka uani kwenda ndani, msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani, kila kimoja kirefu upande mmoja na chembamba upande mwingine. Magofu ya Songo Mnara, kisiwa kilicho karibu na Kilwa, ya karne nyingi kabla ya hapo, yana vyumba vya umbo hilohilo.

Wageni wengi huambiwa kwamba wembamba huo ulikuwa wa makusudi ya faragha au baridi. Faragha ipo, imo katika mpangilio wa vyumba na milango isiyotazamana na njia. Upana wenyewe hauhitaji maelezo hayo.

Kwa nini wasingetumia tu miti mirefu zaidi?

Mti mrefu hupatikana. Tatizo ni kupinda. Ukirefusha pengo mara mbili kwa mti wa unene uleule na mzigo uleule kwa kila mita, kupinda kwa katikati huongezeka mara 16. Kurudisha hali ilivyokuwa inabidi unene uongezeke mara mbili, yaani kutoka boriti ya sentimita 13 hadi gogo la sentimita 26, lililonyooka, la mkoko, kwa kila boriti ya chumba. Miti ya namna hiyo ni michache na uzito wake peke yake ungekuwa balaa kwa wapandishaji.

Kisha kuna mzigo. Zege la chokaa na matumbawe lenye unene wa sentimita 25 lina uzito wa karibu kilo 400 kwa mita moja ya mraba, kabla hujaweka kitanda wala mtu.

Waliohitaji ukumbi mpana waliongeza nguzo katikati. Ndiyo sababu misikiti ya kale ya pwani imejaa nguzo hadi nyingine huzuia kuonekana kwa mihrabu. Kilwa Kisiwani walijaribu njia ya pili kwenye upanuzi wa Msikiti Mkuu, wakajenga kuba na matao ya mawe, yasiyohitaji boriti kabisa.

Sakafu ilijengwaje juu ya boriti?

Boriti zilipangwa kwa karibu, vichwa vyake vimezama ndani ya kuta nene za matumbawe. Juu yake vikalazwa vipande vya matumbawe vya bapa, vinavyoziba nafasi kati ya boriti na boriti. Kisha likamwagwa zege la chokaa na mawe madogo, likapigwa kwa magongo bapa na kundi la watu, aghalabu kwa nyimbo ili mapigo yaende pamoja. Kupiga huko kulikuwa na maana: chokaa hukauka polepole, na bila kushindiliwa hubaki na nafasi ambazo maji ya mvua yatapitia.

Katika nyumba za wenye uwezo boriti hazikuachwa na umbo la mti. Zilichongwa pande nne na kutiwa rangi, kwa sababu dari ilikuwa sehemu ya kutazamwa kama vile zidaka, vishubaka vya ukutani.

Nyumba ya makuti nayo ina boriti?

Kwa kawaida haina, na hapa mwandishi mgeni wa pwani hukosea mara kwa mara kwa kuita kila mti wa paa boriti. Nyumba ya udongo na makuti ina nguzo zilizosimama, mwamba, mti unaolala juu ya vichwa vya nguzo kufuata ukuta, mtambaapanya unaovuka, makombamoyo yanayopanda na mteremko wa paa, na pau zinazofungwa kwa kukingama juu ya makombamoyo ili makuti yapate pa kushonewa. Fito ziko ukutani, zimeshika udongo. Ikiwa nyumba hiyo ina dari ya kuwekea mizigo, basi miti inayoibeba dari hiyo waweza kuiita boriti bila kumkera mtu.

## Boriti na bahari

Ni lini miti hii ilianza kusafirishwa ng'ambo?

Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Siraf ilikuwa bandari tajiri upande wa Uajemi wa Ghuba, na mwanajiografia al-Istakhri, aliyeandika katika karne ya 10, anaeleza kuwa nyumba zake za ghorofa zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj, yaani pwani yetu. Hakutaja mikoko kwa jina, lakini mwendo wa mti kutoka huku kwenda huko uko wazi.

Kwa nini Waarabu wa Ghuba waifuate boriti mbali hivyo?

Kwa sababu kwao hakuna msitu. Mtende hutoa gogo, lakini ni laini na hupinda. Nyumba za Kuwait, Bahrain, Dubai na Oman zilikuwa na paa la bapa kama zetu, zikahitaji mti mgumu, ulionyooka, wa kuvuka chumba. Huko mti wa mkoko huitwa chandal, na ukiingia nyumba ya kale iliyokarabatiwa Dubai utaona dari zilizopangwa miti yetu na vyumba vyenye upana uleule wa mita tatu hivi. Msitu wa Afrika Mashariki ulikuwa umepima vyumba vya watu wasiowahi kuuona.

Safari ilifuata pepo. Majahazi yalishuka na kaskazi yakileta tende, chumvi na samaki wakavu, yakangoja, yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti. Mwaka 1939 baharia wa Australia, Alan Villiers, alikuwa ndani ya jahazi la Kuwait lililoingia delta ya Rufiji kupakia miti hiyo, na maelezo yake ya kazi ile ya matopeni, mbu na joto ni miongoni mwa ya mwisho kabla mambo hayajageuka.

Biashara hiyo ilikufaje?

Ilipigwa kutoka pande mbili. Mafuta yaliitajirisha Ghuba katikati ya karne ya 20, na saruji na chuma vikachukua nafasi ya chandal. Huku nako serikali ziliona mikoko inapungua: Kenya ilipiga marufuku kuuza miti ya mikoko nje ya nchi mwaka 1982. Soko la ndani liliendelea, kwa masharti (tazama "Naweza kukata boriti leo?").

## Maana za leo

Boriti ya kwenye Biblia ni hiihii?

Ndiyo. Mathayo 7:3 na Luka 6:41 zinamsema mtu anayekiona kibanzi ndani ya jicho la nduguye asiione boriti iliyo ndani ya jicho lake. Neno la Kigiriki lililo nyuma yake, dokos, ni mti mkubwa wa kubebea paa, kwa hiyo watafsiri walipata kilicho sawa hasa. Wangeandika gogo, kichekesho kingepungua. Kibanzi ni kipande kilichobanduka kwenye mti, boriti ni mti mzima uliobeba nyumba: vyote viwili ni vya karakana moja, na msemaji wa mfano ule alitoka nyumba ya seremala.

Kwa njia hiyo neno la wakata mikoko limefika bara, kwa watu ambao hawajawahi kuona mkoko. Wengi wao hudhani boriti ni kipande chochote kikubwa cha mti, na huwezi kuwalaumu.

Kwa nini dini ina nguzo, dola ina mihimili, na boriti haina chochote?

Swali zuri, na huulizwa hasa na walimu. Tunasema nguzo tano za Uislamu na mihimili mitatu ya dola. Hakuna asemaye boriti za taifa. Nguzo husimama na kuonekana hata kwa aliye nje. Mhimili umebeba maana ya kustahimili ndani ya jina lake. Boriti hufanya kazi kubwa kuliko zote mbili, tena ikiwa imelala na imefunikwa pande zote, na pengine mafumbo ya lugha hupenda vilivyosimama. Fumbo moja iliyonalo, lile la jichoni, ni la aibu.

Mafundi wa leo husema bimu. Ni kitu kilekile?

Kwa kazi, ndiyo. Bimu ya zege yenye nondo ndani yake hulala na kubeba, na vitabu vya Kiswahili vya uhandisi huiandika boriti. Kwenye eneo la ujenzi utasikia bimu, ringi bimu na lenta. Sioni haja ya kumsahihisha fundi anayesema bimu, ila lenta isiitwe boriti: hiyo hukaa juu ya mlango au dirisha tu, na kwa mlango wa zamani kazi hiyo ilifanywa na kizingiti cha juu.

Mtangazaji wa mpira anaposema "umegonga mwamba", ni mwamba wa jiwe?

Ni mti wa mlalo unaokaa juu ya nguzo mbili, sawasawa na mwamba wa nyumba ya makuti. Watangazaji wengine husema mtambaapanya kwa kitu hichohicho. Goli, ukilitazama vizuri, ni nyumba ambayo haijapauliwa. Mradi kugonga mwamba kwa maana ya jambo kushindikana ni usemi mwingine, nao ni wa jiwe.

## Maswali ya pembeni

Naweza kukata boriti leo?

Si bila kibali. Tanzania Bara mikoko ni misitu ya hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na delta ya Rufiji peke yake ina hekta zipatazo 53,000. Kenya mikoko husimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu, na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya nchi hiyo iko Lamu. Masharti hubadilika mara kwa mara, marufuku huwekwa na kuondolewa, kwa hiyo ulizia ofisi ya misitu ya eneo lako kabla ya kumlipa mtu. Miti isiyo na karatasi hukamatwa barabarani na mnunuzi huingia hasara pamoja na mwuzaji.

Ukataji mbaya ni ule wa kuchagua. Mnunuzi akitaka boriti tu, msitu hunyang'anywa miti yake iliyonyooka ya unene wa kati, hubaki iliyopinda, na hiyo ndiyo inayozaa mbegu.

Ni kweli mchwa hawali boriti?

Hawaipendi. Mbao ya mkoko ni ngumu na ina tanini, iliyo nyingi zaidi kwenye maganda, na maganda hayohayo yalitafutwa kwa ajili ya kutengenezea ngozi. Boriti kavu ndani ya nyumba kavu huishi vizazi. Lamu ziko zilizobeba kwa zaidi ya miaka 200. Ila kusema hawaili kabisa ni kuongeza chumvi. Mti uliolowa muda mrefu hupoteza ulinzi wake, na hapo mchwa, wadudu watoboao mbao na ukungu hufanya watakalo.

Boriti ya nyumba yangu ya mawe imeinama. Nifanye nini?

Anza na maji. Boriti nyingi za Mji Mkongwe hazikufa katikati; zimeoza vichwa, pale zilipozama ukutani, kwa sababu paa au bomba la maji huvuja na ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na kuushika. Kwa macho boriti inaonekana nzima huku kichwa chake kimekuwa unga. Toboa kwa ncha ya kisu karibu kabisa na ukuta, si katikati ya chumba.

Ukikuta imeoza, kwanza tegemeza sakafu kwa nguzo za muda, kisha badilisha boriti moja baada ya moja. Usitoe tatu kwa pamoja eti kazi iende haraka. Sakafu ya chokaa haina nondo na haitakungoja. Kichwa kipya kirudishwe ukutani kwa chokaa. Saruji ni ngumu kuliko ukuta wenyewe na huzuia unyevu kutoka, hivyo hukiozesha kichwa kipya mapema kuliko cha kwanza. Kwa nyumba zilizo ndani ya Mji Mkongwe, ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2000, au mji wa kale wa Lamu, ulioorodheshwa 2001, mamlaka za uhifadhi lazima zijulishwe kabla ya kazi, na mafundi wao wa chokaa ni wa kuwasikiliza.

Nikitumia mvinje au mnazi badala ya mkoko, bado ni boriti?

Kwa ulimi wa fundi ndiyo, kwa kuwa umelala na umebeba. Kwa ulimi wa zamani wa soko, boriti ilikuwa mkoko, lakini majina ya ngazi yamekwisha kuhamia kwenye mvinje, unaopandwa kwa wingi na wakulima wa pwani ya Kenya na kuuzwa kwa majina hayohayo ya fito, pau na boriti. Kwa hiyo jina peke yake halikuhakikishii mti gani unanunua. Uliza, na utazame: mvinje ni mwepesi kuliko mkoko wa unene uleule, na ukiugusisha udongo bila dawa mchwa hawachelewi. Mnazi ni mgumu pembeni na laini katikati, hivyo tumia mzee tu, uliopasuliwa, upande wa nje ukiangalia chini ambako mti huvutwa zaidi. Chini ya sakafu ya mawe usiuweke hata mmoja wa hiyo miwili bila kumwonyesha fundi aliyewahi kujenga sakafu hizo.